Sauti Iliyotangulia Nyumbani

Mke wa fundi viatu alikuwa amechutama kwenye beseni, anakwangua ukoko wa sufuria, sauti ya mumewe ilipoingia jikoni peke yake. Mume mwenyewe alikuwa bado njiani.

"Pole na kazi, mke wangu," sauti ikasema. "Mgongo unaendeleaje?"

Mwanamke akageuka. Akaona mlango, akaona paka. Akajibu kwamba mgongo unauma, hasa akiinama. Swali lenyewe hakuwahi kuulizwa humo ndani tangu aolewe, akaona si vizuri kuliharibu kwa kushangaa.

Ieleweke kwamba kwenye nyumba ya ibada fundi huyo aliitwa Mzee Asali. Akiongoza sala, hata watoto watukutu walitulia tuli. Akifundisha upole kwa mke, watu wazima walilengwalengwa na machozi. Ila akifika kwake alivua viatu mlangoni, na sauti ile akaivua pia, akaingia na ile nyingine, ya "Chai iko wapi?" na "We mwanamke, umeziba masikio?" Siku hiyo sauti nzuri ilichoka kulala kibarazani na viatu. Ikatangulia.

Lo, nyumba ilichangamka! Sauti ilisifu mboga kabla hazijaiva. Ilimtania bibi kizee, mama wa fundi, mpaka meno yake ya bandia yakaruka kwa kicheko na kutua kwenye kikapu cha vitunguu.

"Huyu ndiye niliyemzaa," bibi akasema, akiyafuta. "Yule mwingine sijui tulimwokota wapi."

Jioni fundi akaingia. "Chai iko wapi?"

"Karibu, ndugu yangu," sauti ikajibu kutoka kwenye kabati la vikombe. "Leo jipikie, mwenzio amechoka."

Fundi aliitambua mara moja. "Toka humo! Kesho naongoza sala."

"Upole nimeufundisha mpaka nimekauka. Niache na mimi niuonje."

Mke alisimama na mwiko mkononi. Aliitaka sauti ile ibaki, jamani, aliitaka kuliko kitu chochote. Bibi akaamua: mwanawe aiazime asubuhi, airudishe mchana. Fundi akaitia kwenye chupa ya chai, akakaza kifuniko.

Kesho yake mke hakushika kazi ikaenda. Vitunguu viliungua, akakaanga vingine, navyo vikaungua. Aliogopa sauti itanogewa na sifa za watu, isirudi tena.

Mzee Asali alifundisha kuhusu kuombana radhi. Wanasema hajawahi kufundisha vizuri namna ile. Mtu na jirani yake waliosusiana miaka walikumbatiana hapohapo. Kisha akarudi nyumbani, akavua viatu, akaitua chupa mezani kwa kishindo na kuifungua.

Sauti haikungoja. "Samahani, mke wangu," ikasema. "Kwa yote. Hata kwa jana."

"Nimekusamehe," mke akasema, anacheka na kufuta macho kwa wakati mmoja. Bibi akapiga kigelegele, mkono mmoja umeshikilia meno.

"We mwanamke, unaongea na nani?" fundi akafoka.

"Na mume wangu," akajibu. "Chai yako iko mezani."