Tofali Moja, Ubao Mmoja

Norah Amondi alikuwa amechoka kubebwa. Miezi minane tangu sukari imchukue mguu wa kulia, kila Jumapili vijana wawili wa kanisa walikuja kwao mtaa wa Mbotela, wakamwinua na kiti chake cha magurudumu, wakamshusha ngazi mbili za mlango huku majirani wakitoa pole. Pole, pole, hadi pole zenyewe zikamkera! Ngazi mbili tu zilimfunga ndani, naye aliapa kwamba kabla ya Pasaka angetoka mlangoni mwake kwa mikono yake mwenyewe.

Fundi Mugo akaitwa ajenge njia ya mteremko. Alipima kwa jicho, akamwaga zege futi tano, akapangusa mikono. "Mathe, hii rampu iko poa kabisa."

Poa ya nani? Zege lilipokauka wakamshusha Norah aijaribu. Alisukuma magurudumu kupanda, akafika nusu, kiti kikarudi nyuma naye akiwa juu yake, na kama si ukuta wa bafu la uani angekwenda chali. Rampu ikabomolewa siku hiyohiyo.

"Niachie mimi," akasema mumewe, Gordon Ooko. Gordon alikuwa amekula miaka thelathini akitunza njia ya reli, na ukimtajia kilima tu, atakueleza habari za vile vibao vya mwinuko vya kando ya reli. "Moja kwa hamsini, Mama Okinyi. Ukipanda inchi moja, unakwenda hamsini mbele. Hapo hata behewa la saruji linapanda." Akafunga kamba kwenye kitasa, akatembea akihesabu, akapita lango, akavuka njia, akasimama mbele ya jiko la jirani yao Teresiah, aliyekuwa akikaanga mandazi.

"Baba Okinyi, unatafuta nini jikoni kwangu?"

"Rampu ya Norah inaishia hapa."

Teresiah alicheka mpaka mwiko ukamponyoka. Norah hakucheka. Alikasirika hasa.

"Mimi si gari moshi!" akafoka. "Mmoja ananipima kwa jicho, mwingine kwa behewa. Nani amenipima mimi? Nileteeni ubao!"

Ukaletwa ubao mpana wa plaiwudi, urefu futi nane. Akaamuru ncha moja iwekwe juu ya matofali mawili yaliyopandana, kila moja kimo cha inchi nane. Akasukuma; kiti kikarudi, Gordon akakidaka.

"Toa moja."

Ncha ikashuka kwenye tofali moja. Norah akauma meno, akasukuma polepole mpaka juu, bila mkono wa mtu. Akarudi chini, akapanda tena. Mara tatu.

Kisha akachukua daftari la hesabu la mjukuu wake, lile la miraba, akaanza kuchora. "Ngazi zangu ni mbili, kila moja kimo cha tofali. Tofali moja, ubao mmoja. Tofali mbili, mbao mbili. Futi kumi na sita." Akahesabu miraba, akavuta mstari, na mstari ukatokea nje ya lango. Kutoka mlangoni hadi langoni ni futi kumi tu. Kalamu ikasimama. Alitaka kulia, na Pasaka ilibakiza wiki mbili.

Gordon akainamia daftari. "Reli ikikosa nafasi mlimani," akasema taratibu, "hatuongezi ukali. Tunapinda."

Norah akamtazama, akaukunja mstari: ubao mmoja kando ya ukuta, mahali bapa pa kugeuzia kiti, ubao wa pili ukirudi. Ukaenea uani, hata kamba ya nguo ikabaki na nafasi.

Mugo akajenga upya akifuata daftari, Norah akisimamia kila karai. Kila mara fundi aliposema, "Mathe, hapo inatosha," alijibiwa, "Pima."

Asubuhi ya Jumamosi ya Pasaka Gordon alisimama nyuma ya kiti, mikono ikiwa tayari.

"Toa mikono, Baba Okinyi."

Norah akashuka, akageuka, akashuka. Akapanda mpaka mlangoni, akashuka tena. Teresiah akapiga vigelegele. Norah hakusimama kupongezwa. Alifungua lango, akaweka kikapu mapajani, akageuza shingo.

"Naenda sokoni. Nikuletee nini?"

Kwa miezi minane Gordon ndiye aliyeuliza swali hilo.

"Omena," akasema, akipangusa macho kwa mkono wa shati.