Baiskeli Iliyozikwa Bustanini

Kila Jumamosi, siku ya salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, majirani walipokuja kufufua bustani ya zamani kando ya mto, Mardochée alikuwa wa kwanza kufika. Wengine walifagia vijia, wengine walipaka chokaa kibanda cha muziki walichokiacha Wabelgiji. Yeye alichimba. Alichimba kwa bidii hata kamati ikamfanya mkuu wa maua, mtu asiyeweza kutofautisha waridi na bamia.

Mkewe Odette alimfuata nyuma akipanda maua katika kila shimo. Alijua anachotafuta, maana mtaa mzima ulijua: wakati wa vita Mardochée alizika humo baiskeli yake mpya, kinga kama mtaa ulivyoiita, ili wenye bunduki wasiichukue. Vita vilipokwisha, mti alioutia alama ulikuwa umeshageuka makaa.

Ambalo hakuna aliyelijua ni kwamba baiskeli haikuwamo. Odette aliifukua mwenyewe vita vikiwa bado vimepamba moto, akaitoa kwa kubadilishana, akafunga mdomo miaka zaidi ya ishirini. Sasa ilibaki kona moja tu haijachimbwa. Baada ya hapo mume angeanza kuuliza maswali, na Odette hakujua kudanganya.

Ijumaa akavuka mto hadi Alunguli kwa fundi wa baiskeli, akaomba iliyooza kuliko zote.

"Ya kufanya nini, mama?"

"Ya kuzika."

"Pole sana," fundi akasema, akavua kofia.

Adhuhuri, Waislamu wakiwa msikitini na Wakristo wakiwa usingizini, akaifukia konani.

Kesho yake jembe likagonga chuma. "Njo yenyewe!" Mardochée akapiga kelele, akaikumbatia na udongo wake. Ilikuwa baiskeli ya kike. "Najua hata mikwaruzo yake!"

Jirani yao Zuberi akatupa ufagio. "Iko yangu! Hata mimi nilizikaka kinga hapa!"

Wakaivuta huku na huku mpaka gurudumu likachomoka, wote wawili wakaanguka matako juu ya maua. Zuberi akamwita mwenzake mwizi. Mardochée akaokota jembe, na hapo Odette hakuweza tena kunyamaza.

"Acheni! Hii nililetaka jana toka Alunguli. Kinga yako, Baba Destin," akamwambia mumewe, "niliitoaka wakati wa vita. Nilibadilishaka na chumvi."

Fagio zote zikasimama. Odette aliona aibu.

"Chumvi?" Mardochée akauliza.

"Barabara zilifungwa, ulikuwa mugonjwa sana. Kila chakula ya bila chumvi ulikuwa unatema. Niliogopa utakufa."

Mardochée akamsogelea mkewe. "Ile sombe ya chumvi, majani ya muhogo ulinipikiaka?"

"Njo ile."

Akalaza jembe chini, akamshika mkono. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na tumbo lilikuwa linatikisika kwa kicheko.

"Basi nilikulaka kinga muzima," akasema, "na sahani nikaramba."