Kupanda Muyama Baada ya Mbizi ya Pili

Sisi Waha ni watu wa migomba na mabonde. Ziwa tunalitazama kwa mbali, tunakula dagaa wake, basi. Ndiyo maana nilipoajiriwa kupiga mbizi Kigoma, ndugu zangu wa Muyama walicheka mpaka wakakohoa. Mtoto wa mlimani analipwa kwa kuzama!

Kazi yetu ilikuwa kukaza viungo vya bomba linalovuta maji ziwani. Zile kompyuta za kuvaa mkononi hatukuwa nazo. Mimi na Hamis, mwenzangu wa Tanga, tulikuwa na saa, kipimo cha kina na jedwali la plastiki lililochubuka pembeni. Unatafuta kina ulichofika na muda uliokaa chini, linakupa herufi. Herufi hiyo ndiyo kipimo cha gesi ya hewa uliyovuta chini, iliyobaki mwilini. Ukipumzika nchi kavu inapungua, na mbizi ya pili unaipanga kwa kuhesabu iliyobaki. Siku hiyo nilipanga mbizi mbili, hesabu safi kabisa, nikajisifu. Ya pili ingeweza kungoja kesho. Niliipiga kwa sababu jedwali liliruhusu.

Nilikuwa bado navua mtungi wa hewa mgongoni dada yangu Ernesta alipopiga simu.

"Obedi, mama hafiki kesho. Panda gari sasa hivi."

Nyuma yake nikamsikia mama mwenyewe, sauti imekwisha: "Njoo, mwana wanje." Hakuwa ameniita hivyo, mwanangu kwa Kiha chetu, tangu nikiwa mdogo.

Nikashika begi. Hamis akashika jedwali.

"Bwana, kwenu ni juu sana. Kwa herufi uliyonayo, mlima hupandi mpaka kesho asubuhi."

Nilijua. Mwili wenye ile gesi ni kama dumu la pombe ya ndizi: ukilifungua ghafla, povu linapanda. Ukipanda milimani kabla ya muda, hewa ni nyepesi, na mapovu yanatokea kwenye damu na kwenye uti wa mgongo. Watu wamepooza hivyo.

"Kwa hiyo nikipanda nitapooza?"

"Jedwali halisemi utapooza. Linasema unaweza. Wapo waliopanda, wakafika, wakala ugali wao."

Laiti lingesema nitapooza! Nilikwenda stendi, nikarudi. Nikaenda tena. Magari ya Buhigwe yaliondoka mimi nikiyatazama, machozi yananitoka mbele za makondakta. Ernesta alipopiga tena nikamweleza habari za gesi na mlima.

"Mlima huo umeupanda na mikungu kichwani tangu utoto. Leo ndiyo umekuwa mrefu?"

Akakata simu.

Asubuhi, jedwali lilipokubali, nilipanda. Muyama niliwakuta watu wamekaa uani, wanawake wamejifunga khanga viunoni. Mama alikuwa amefariki kabla ya jua kuchomoza.

"Gari liliharibika?" shangazi akaniuliza.

"Hapana, shangazi."

"Uliumwa?"

"Hapana."

Akanitazama miguuni, akaona ni mizima. Niliona aibu kuwa mzima. Ningekuja natambaa, wangenipisha nikakae karibu na mama, na mimi mwenyewe ningejua kwamba hesabu ilikuwa ya kweli. Sasa sitajua kamwe. Pengine ningepanda jioni ile nikafika salama, nikamshika mkono.

Ernesta alinipeleka ndani bila kunisalimu. Mama alikuwa amefunikwa shuka jeupe.

"Usiku kucha aliuliza gari lako limefika wapi," alisema. "Nikamwambia limeshatoka Kigoma. Akauliza tena, nikamwambia limepita Buhigwe, linapanda. Mwishowe akaniambia nifungue mlango, usije ukakaa nje kwenye baridi. Nikaufungua, Obedi. Akafa anautazama."