Kanuni ya Profesa Abdulrahman

Noela alifika Segerea na laptopu begani. Ua wa Profesa Abdulrahman ulikuwa umejaa wageni waliokuja kumpongeza kwa kustaafu. Bi Zubeda, mkewe, alikuwa akipakua pilau, naye mzee, ndani ya kanzu mpya, alikuwa akiwasimulia habari za mesoni nzito, vile vichembe vidogo kuliko atomu, vya kwaki na antikwaki zilizofungamana. Wengi hawakuambulia kitu, ila walifurahi kumwona amefurahi.

Miaka mingi alikuwa akitafuta uzito wa mesoni hizo kwa kanuni yake mwenyewe, kwa kalamu na karatasi. Vijana wa sasa hutumia kompyuta: huigawa nafasi vijumba vijumba kama chandarua, kisha huiacha mashine ihangaike wiki nzima. Walikuwa wakimcheka mzee chinichini, na hawakuwa hata na haya. Ndipo Noela, mwanafunzi wake wa mwisho, akalinganisha njia hizo mbili, na majibu yakafanana kama mapacha. Siku ile mzee alilia kwa furaha.

Jana Noela akagundua kosa. Kanuni ile ina vigezo vinavyopaswa kupangwa kwa matokeo ya maabara. Yeye, kwa haraka zake, alivipanga kwa majibu ya kompyuta yenyewe. Ni sawa na kunakili kwa jirani kwenye mtihani, kisha ukashangilia kwamba majibu yenu yanafanana. Angeweza kunyamaza. Lakini makala ilikuwa inatumwa Jumatatu kwa jina la mzee, na aibu ingemwangukia yeye uzeeni.

"Shikamoo, Mwalimu. Nina ishu, naomba tuingie ndani."

"Marahaba. Kula kwanza."

"Hakitashuka, Mwalimu."

Sebuleni alimweleza yote bila kujitetea. Mzee alisikiliza akiwa amesimama, mkono haujaachia kitasa cha mlango.

"Na ukivipanga inavyotakiwa?"

"Mesoni nyepesi zinakubali. Zile nzito zaidi, kanuni na kompyuta vinaachana."

"Sana?"

"Sana, Mwalimu."

Nje walikuwa wakimwita aje atoe neno. Hakugeuka. Noela alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Utanichukia," alisema.

"Nimeshakuchukia, pale ulipoanza kusema." Mzee alivuta kiti, akaketi kando yake kwa uzito. "Imeanza kupita. Haya, fungua, nionyeshe zinaachania wapi."

Noela akafungua. Kwenye kioo mistari miwili ilipanda pamoja, kisha wa kanuni ukakengeuka, ukaenda juu peke yake. Mzee aliufuata kwa kidole polepole hadi mwisho, macho yamemlowa.

"Miaka yote hii nimekosea hapa," alisema, "na hakuna aliyenionyesha."

Bi Zubeda akachungulia kumwita.

"Waambie waendelee kula," mzee alimjibu, macho yakiwa palepale kwenye kioo. "Mie na Noela tuna kazi."