Mapipa Matatu ya Mkaa

Ninyi mnaopita nyuma ya kiwanda cha plaiwudi mmeziba pua, macho kwenye simu, msiniambie hamjawahi kumwona. Miaka kumi na tisa Mzee Mkaa amesimama mtaroni, mweusi hadi kope, akijaza mkaa wa vifuu katika mapipa matatu ili unyonye sumu ya gundi kabla maji hayajashuka mtoni. Nani kati yenu alimsalimia?

Kiwanda nacho kikamletea shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwenye cheti na bwawa la vijidudu vinavyokula sumu ileile. Nyumbani mke alikuwa na wimbo mmoja: mdogo wangu, mdogo wangu. Siku ya wageni, kijana alipigwa picha kando ya bwawa. Mzee Mkaa aliambiwa asogee, anachafua picha.

"Shemeji, mapipa yako tutapandia maua," kijana alitania.

"Anza kupanda kwenye koti lako hilo jeupe."

Walicheka wote. Mzee kifua kilimwaka.

Walikuwa wamemwachia kazi moja: kunusa. Maji yakija makali, ageuze koki yaingie tangi la akiba. Vijidudu huvumilia sumu kidogokidogo. Ikija kwa mpigo, vinakufa. Saa nne yakaja. Harufu kama dawa ya kudekia hospitali ilimchoma hadi utosini. Alishika koki. Ng'ambo ya bwawa wageni wakampigia kijana makofi.

Akaiachia bila kuigeuza.

Saa nane tope la kahawia la vijidudu lilikuwa kijivu, limekufa.

"Shemeji! Hukusikia harufu?"

"Nina mafua."

"Wewe? Mafua?" Kijana alikuwa ameshaigeuza koki, lakini bwawa lilifurika mtaroni. "Na dada yuko mtoni anafua!"

Wivu ulikuwa umemfutia Mzee Mkaa mto mzima kichwani.

"Nilinusa," alisema.

Kijana alivua koti, akamtuma mlinzi akimbie mtoni, kisha akaelekeza mtaro kwenye mapipa yaliyoachwa matupu na kutwaa koleo. Wageni walishapanda magari. Pipa la kwanza lilijaa mkaa. La pili likafika nusu, mashemeji wawili bega kwa bega, hawatazamani.

La tatu liko tupu. Maji yanapita ndani yake kama yalivyokuja. Koleo la tatu limeegemea ukuta, hapo hapo unapopita.

Toa mkono puani. Lishike.