Soksi za Chiriku

Kila jioni, jua likianza kulegea dirishani, mfumaji alifuata utaratibu uleule: beseni katikati ya sakafu, maji vuguvugu yaliyopimwa kwa kiwiko, sabuni isiyo na harufu, taulo laini begani. Binti yake wa miaka minne, ambaye nyumba nzima ilimwita Chiriku kwa jinsi mdomo wake usivyojua likizo, alioga huku akisimulia habari zote za mchana. Akitoka majini hufutwa kwa kugusagusa tu, bila kusuguliwa, kisha hupakwa mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Daktari alisema wasichelewe.

Jioni hiyo mfumaji alikuwa ameshachota mafuta kwa vidole viwili, Chiriku alipouvuta mguu wake.

"Wewe hapana. Namtaka bibi."

"Bibi amechoka. Lete mguu."

"Mikono yako inakwaruza! Bibi, njoo unipake!"

Mama mkwe alikuwa akipita mlangoni na sufuria mkononi. Aliiweka chini, akapiga hatua moja ndani, akasita. Kisha akairudisha mikono yake nyuma ya mgongo, kama mwanafunzi aliyekutwa na kitu cha watu.

"Mwache mama yako akupake, mke mwenzangu," alisema. "Mimi nitakusimulia hadithi."

"Mikono yako ni mibaya, mama alisema," Chiriku akamweleza taratibu, kama anayemfariji. "Lakini mimi sijali, bibi."

Mama mkwe alicheka kicheko kifupi, akaokota sufuria yake, akaenda jikoni. Mfumaji alibaki amechuchumaa, mafuta yakimyeyukia vidoleni, na hakuweza kumkemea mtoto. Angemkemea nini? Mtoto alikuwa amerudisha tu maneno aliyopewa.

Na ubaya wa maneno yale, mwenye kuyasema alijua tangu mwanzo kwamba ni ya uongo.

Utotoni mfumaji mwenyewe alikuwa na ngozi hiyohiyo. Nyuma ya magoti na kwenye viwiko palikuwa pakavu, pekundu, panawasha hadi panatoka damu, na shuleni walimwita Magamba. Mama yake mzazi alimvalisha soksi ndefu hata siku za joto kali, akamwambia asimwambie mtu, la sivyo nani atamwoa. Alipokua, ngozi ilitulia, ikabaki mikono tu, iliyopasuka kila msimu wa kazi nyingi pale karakana wanapofuma masweta ya shule. Mtu akiuliza, alisema ni nyuzi. Mumewe, fundi umeme, aliamini hivyo.

Miezi minne iliyopita miguu ya Chiriku ilipoanza kuwa hivyo, walikwenda kwa daktari wote wanne, mtoto akiwa amepakatwa na bibi yake. Daktari, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, aliuliza kama kuna mtu kwenye familia aliyewahi kuwa na pumu, au mafua yasiyoisha, au ngozi ya namna hii.

"Kwetu hakuna," alisema fundi.

Wote wakamgeukia mfumaji. Akaiingiza mikono chini ya mkoba.

"Na kwetu hakuna."

Daktari akaandika. Akauliza mtoto anapakwa nini, na mama mkwe, kwa furaha ya kuulizwa, akasema yeye humpaka mafuta ya waridi tangu siku ya kwanza, tena kwa mkono wake. Daktari akashauri waache yenye manukato kwa sasa. Hakusema zaidi ya hapo. Lakini walipofika nyumbani mfumaji alichukua ile chupa ya mafuta ya waridi, akaitupa kwenye pipa la taka, na akapaza sauti ili mumewe asikie vizuri: "Mikono yako ndiyo imeniharibia mtoto, mama. Naomba usimguse tena."

Fundi aliangalia viatu vyake. Mama mkwe aliingia jikoni. Kesho yake alipika, alifua, alisimulia hadithi kama kawaida, ila mtoto akimkimbilia, yeye aliinua mikono juu kama aliyeshika unga.

Kisha zikaja soksi. Mfumaji alikusanya mabaki ya sufu karakana, akafuma jozi nne ndefu za kumfika Chiriku juu ya magoti, majirani wasione. Chiriku alizivaa na kuzivua mwenyewe, na bibi ndiye aliyezifua. Hakujiuliza alikuwa anamfuata nani. Siku ya tatu mama mkwe alimwambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hizi soksi zinamwasha. Anajikuna juu yake."

"Kinachomwasha tulishakitupa, mama."

Jibu hilo lilimrudia usiku kucha baada ya jioni ile ya mafuta. Asubuhi alimbeba Chiriku kwenda kwa daktari, wawili tu, kwa siku ya marudio. Njia nzima alijipanga aseme nini, na mlangoni akasahau yote.

Daktari alianza na mikono ya mtoto, akaridhika. Alipofika miguuni akasita.

"Sufu? Kwa ngozi kama hii, mama?"

Mfumaji alihisi uso unamwaka. Daktari akaivua soksi moja, akaiona ngozi, akashangaa: palikuwa pameanza kuwa laini. Akaigeuza soksi ndani nje. Ndani yote ilikuwa imeshonewa kitambaa cha pamba, cheupe, kilichochakaa kwa kufuliwa, mshono baada ya mshono, hadi kwenye ncha ya vidole.

"Umetumia akili. Sufu yenyewe ingemchubua."

Mfumaji aliishi kwa nyuzi. Hakuhitaji kuambiwa mshono ule ni wa nani. Ilikuwa mishono midogo, iliyolalia upande, ya mtu anayeshona kwa kupapasa kuliko kuona.

"Bibi ndiye aliyeshona," alisema Chiriku. "Shuka lake lile la zamani. Mimi namtungia uzi kwenye sindano, yeye haoni tundu. Alisema si siri, ila tusiseme."

Daktari akacheka. Mfumaji hakuweza.

"Huu ni ukurutu," daktari akaendelea, "wengine huuita pumu ya ngozi. Hauambukizi, na hakuna mtu aliyemletea. Kazaliwa na ngozi isiyoshika maji vizuri, basi. Sufu, manukato, jasho, hivyo vinaichokoza tu. Utatulia, utarudi, mtauzoea. Dawa paka mahali pekundu, kwa siku nilizoandika, usizidishe wala usiiogope. Mafuta ni kila siku, hata akiwa mzima. Na kucha ziwe fupi." Akanyoosha kiganja. "Sasa nipe mikono yako."

"Yangu?"

"Umeificha tangu siku ya kwanza."

Mfumaji aliitoa. Daktari akaigeuzageuza, akaitazama mipasuko kati ya vidole.

"Tangu lini?"

Chiriku alikuwa anahesabu vidole vyake vya miguu. "Tangu mdogo," alisema mfumaji. "Na miguu pia, zamani."

Alingoja kugombezwa. Angefurahi kugombezwa. Daktari alifungua tu faili, akalikata neno moja kwa mstari, akaandika jingine juu yake. "Tiba ingekuwa ileile," alisema. "Na wewe paka mafuta kila ukinawa, na ukitoka kazini badili nguo kabla hujambeba. Vumbi la sufu linakuja na wewe."

Kumbe hata kwa kumkumbatia alikuwa anamchokoza.

Nyumbani aliwakuta mama mkwe na fundi mezani, wakila chakula cha mchana. Chiriku alikimbilia kiti cha bibi yake. Bibi akainua mikono juu. Mfumaji alizitoa soksi mfukoni, akaziweka mezani, zimegeuzwa ndani nje.

Mama mkwe alizitambua. Kijiko kikamtoka.

"Nisamehe, mwanangu," alisema haraka. "Sikumgusa. Niligusa soksi tu."

Maneno hayo yalimpata mfumaji kuliko tusi lolote. Fundi alimtazama mama yake, akamtazama mkewe. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu," alisema mama mkwe. "Keti ule, Mama Chiriku, chakula kinapoa."

Mfumaji alikuwa amefunguliwa mlango wa kutokea, kwa wema uleule. Angeweza kuketi, akala. Alibaki amesimama. Akakunja mikono ya blauzi yake, akaviweka viganja mezani kando ya soksi, mipasuko juu.

"Si nyuzi," alimwambia mumewe. "Ni ukurutu, ninao tangu utotoni, na Chiriku ameutoa kwangu. Daktari alipouliza, nilijua. Niliogopa utaniona nina kasoro, nikaona afadhali mama aonekane mbaya." Akamgeukia mama mkwe. "Mikono yako haikuwa na kosa, mama. Nilikusingizia. Nisamehe, na jioni mpake wewe."