Kazi ya Haraka Hatupokei

Mume wangu ni fundi wa lifti, na dunia anaiona hivyo hivyo: kuna walio juu, kuna walio chini, na aliyekwama katikati kajitakia. Tulipohamia nchi hii, binti yetu akiwa na miaka mitano, alitangaza sheria. Ndani ya nyumba ni lugha ya wenyeji tu. Kiswahili kibaki nje ya mlango pamoja na viatu, eti mtoto asije akachekwa shuleni.

Basi mimi, niliyekuwa nikiitwa Redio kwa mdomo wangu, nikawa bubu kwenye meza yangu mwenyewe. Hata chumvi niliiomba kwa kidole. Yeye, tukigombana chumbani, alirudi mbio kwenye Kiswahili, maana lugha ya wenyeji hajui kuitukania. Sheria ilikuwa yangu na mtoto.

Lugha yao kidogo niliyonayo niliiokota kazini, kwa dobi. Napokea nguo, nabana namba kwenye kola, napiga pasi ya mvuke. Kaunta haidai maneno mengi: itakuwa tayari Alhamisi, doa hili halitatoka, bila tikiti hatutoi nguo. Wakija wenye papara nawaonyesha kibao kilichotundikwa juu ya kichwa changu na kuwasomea kwa sauti: kazi ya haraka hatupokei. Wateja wamenibatiza Bi Alhamisi. Nikitoka, maneno hayo nayaacha pale pale na aproni. Nyumbani niliyaonea haya.

Binti akakua. Nilipomnong'oneza kwa lugha yetu alinijibu kwa yao, baadaye akaacha kujibu kabisa. Mwisho akamtuma baba yake aniambie nisimsemeshe getini mbele ya wenzake. Baba mtu aliuleta ujumbe huo kwa fahari, utadhani cheti. Niliumia sana, nikameza.

Wiki hii shule imeleta barua. Mwalimu mkuu anaandaa siku ya familia, na kila mtoto atapanda jukwaani asimulie kisa alichosimuliwa na mama yake, kwa lugha ya kwao. Kumbe siku hizi wenyeji wanapenda watu wenye kwao, na asiye na kwao ndiye mshamba. Mume wangu aliisoma barua mara tatu. Tena alikuwa amesikia kwamba mtoto wa jirani, yule mhasibu, ana visa viwili tayari.

Jumanne tukakaa kula. Binti kainamia sahani, kajikunyata. Sasa alikuwa anaogopa kuchekwa kwa kukosa kile kile tulichomnyang'anya ili asichekwe. Mume wangu akakohoa, kisha, mezani, bila haya, akafungua Kiswahili.

"Mke wangu, mfundishe mtoto kisa kimoja. Kifupi tu. Anakisimulia Ijumaa."

Niliweka kijiko chini. Visa ninavyo, vimenijaa mpaka kooni. Ila sheria hakuna aliyeifuta. Nikanyoosha mgongo kama niko kaunta, nikamjibu kwa lugha ya wenyeji, neno moja moja, bila kukwama:

"Samahani, bwana. Kazi ya haraka hatupokei."

Binti akainua uso, akanitazama kana kwamba ndiyo kwanza nimeingia ndani, kisha akapaliwa na maji kwa kicheko. Akataka nirudie, nikarudia. Akauliza kama najua mengine. Nikamnyooshea kidole baba yake, nikasema doa hili halitatoka, naye akacheka mpaka machozi yakamtoka, kichwa kakilaza begani kwangu.

Nikacheka naye, huku roho inaniuma. Miaka sita. Huo ndio utani wangu wa kwanza ambao mwanangu ameuelewa, na nimeuazima kwenye kibao cha dukani.